Asiye na Kosa Haleti Kuku

Langas, Eldoret
Jumapili jioni

Nasimiyu mama,

Ile ya "natumai barua hii itakukuta salama" nimeiruka. Leo bado uko hapa hapa nyumbani, na usingekuwa salama mimi ndiye ningekuwa wa kwanza kujua. Umeenda Munyaka kuwaaga wasichana wa kwaya, baba yako amelala kwenye kiti huku redio ikimwimbia, nami nimepata nafasi kabla hujarudi na kelele zako. Nitaitia ndani ya sanduku, chini ya blanketi. Utaisoma ukishafika chuoni, mahali ambapo huwezi kunikatiza.

Mambo ya sufuria, sabuni na jinsi ya kukaa na wasichana usiowajua nimekuambia tangu matokeo yatoke, mpaka umechoka na mdomo wangu. Sirudii. Nataka kukuandikia juu ya ile fomu ya jana.

Ulikuja saluni nikiwa katikati ya kusuka mteja. Ukaniletea makaratasi ya chuo, ukasema, "Mama, weka sahihi hapa kwa mzazi. Ni hii tu imebaki." Nikapangusa mikono mafuta, nikasoma. Karatasi ilisema wewe unaahidi kwamba hutashiriki mkutano wowote ambao chuo hakijauruhusu, hutazungumza na waandishi wa habari, na hutaandika mtandaoni jambo lolote la kukichafulia chuo jina. Na mimi mzazi wako nathibitisha kwamba nitahakikisha umetii. Nikakuuliza, "Na chuo chenyewe kinaahidi nini?" Ukacheka. Ukasema, "Aki Mama, kila mtu anaweka sahihi. Weka tu tuende."

Weka tu tuende! Ndipo nikakufokea mbele ya wateja, nikakwambia uondoe karatasi hiyo machoni pangu kabla sijaitia kwenye jiko la kuchemshia maji. Ulitoka ukilia. Wateja wakanyamaza wote, na saluni yangu unaijua, haijawahi kunyamaza. Usiku hukula. Asubuhi ukanisalimia kama mtu anayemsalimia chifu.

Hasira ile haikuwa yako, mwanangu. Ilikuwa ya zamani, na wewe uliikanyaga bila kujua, kwa sababu sisi tulikuficha. Ulikuwa darasa la nne. Tulikuambia kaka yako Wekesa aliacha chuo kwa kukosa karo. Si kweli. Karo ilikuwa imelipwa, na risiti tulikuwa nazo. Wekesa alifukuzwa kwa kusema ukweli, na mimi mama yake nilisaidia kumfukuza.

Sasa keti vizuri nikueleze.

Wekesa alikuwa mwaka wa pili. Hosteli yao ilikaa bila maji, mifereji imekauka, vyoo ukipita unashika pua. Wanafunzi walikuwa wanashuka mtoni, pale pale ng'ombe wa shamba la chuo wanaponywea, wanateka na ndoo. Kijana aliyelala naye chumba kimoja akashikwa na taifodi, akabebwa kama gunia. Wakaenda ofisini kulalamika, wakaambiwa wangoje. Wakarudi, wakaambiwa mhusika yuko mkutanoni. Wewe unamjua kaka yako. Hana domo kama letu, yeye huangalia tu, halafu anasema kitu kimoja kisha ananyamaza tena. Basi akachukua simu, akafungua mfereji wa bafuni. Ukatoa pumzi tu, hata tone halikushuka. Akapiga video hiyo, akaiweka mtandaoni na maneno haya: "Karo tumelipa. Maji yako wapi?"

Hayo tu. Hakumtukana mtu. Hakutaja jina la mkubwa yeyote. Hakurusha hata kokoto. Aliuliza swali ambalo mimi ningemuuliza mwenye nyumba hapa Langas bila kufikiria mara mbili, na wewe umenisikia nikimuuliza kwa maneno mabaya kuliko hayo.

Watu wakaisambaza ile video. Na unajua nini? Wiki hiyo hiyo maji yakarudi! Kumbe yalikuwa yanaweza kurudi siku zote, ila hakuna aliyekuwa ameona aibu. Maji yakaja, na barua ya kumwita Wekesa mbele ya kamati ya nidhamu ikaja nyuma yake. Kosa: kukichafulia chuo jina. Jina! Watoto wa watu wanakunywa maji na ng'ombe, halafu chuo kinalilia jina. Barua ikasema aje na mzazi.

Baba yako alikuwa safarini na lori la mahindi, kwa hivyo mzazi nilikuwa mimi. Na hapa ndipo nataka unielewe, kwa sababu kosa nililofanya sikulitoa hewani. Nililelewa nalo.

Kwetu Bungoma mtoto akigombana na wa jirani, mzazi hangoji kuuliza nani alianza. Anashika kuku, anavuka boma, anasema watoto ni watoto, tusamehe. Kuku anachinjwa, watu wanakula, maneno yanaishia hapo. Nyanya yako alivuka maboma mengi kwa ajili yangu, maana nilikuwa mpiganaji, usidhani wewe ulitoa ukali wako kwa baba yako. Akitoka na kuku kwapani alikuwa akiniambia, "Mkono mtupu haulambwi." Na ni desturi nzuri, siitukani hata leo. Inafaa kati ya majirani, kwa sababu jirani akila kuku wako anajua kwamba kesho mtoto wake atakosa, na yeye ndiye atakayevuka na wa kwake. Sikujua kwamba kuna watu wanaoweza kula kuku wako na wasiwe majirani zako.

Unakumbuka yule jogoo mwekundu tuliyemweka wa Krismasi? Ulimwita Diwani kwa sababu ya kelele. Siku alipopotea ulilia mpaka ukakataa kwenda shule, nami nikakuambia ameibwa na vijana wa stendi. Woi, vijana wa watu niliwasingizia. Diwani nilimfunga miguu mimi mwenyewe, nikamweka kwenye kikapu, nikavaa nguo ya kanisani, nikamchukua na pasta wetu atusindikize, tukaenda chuoni.

Wekesa alitungojea nje ya ofisi. Alikuwa ameandika mambo yake, amepanga picha za mifereji, tarehe walizoenda kulalamika, cheti cha hospitali cha yule mwenzake. Akaona kikapu. Akasema pole pole, "Mama, tafadhali usiseme nimekosa. Niache nieleze mwenyewe." Nami nikamwambia, "Nyamaza! Si huo mdomo wako ndio umetuleta hapa?"

Nyamaza. Hilo neno nimelitumia kwenu kuliko chumvi. Mkiuliza kwa nini wageni wanakula nyama na nyinyi mchuzi, nyamaza. Mkiuliza kwa nini mwalimu amewapiga darasa zima kwa kosa la mtoto mmoja, nyamaza, mwalimu ana sababu. Nilidhani nawafundisha adabu. Adabu ni kumpisha mzee kiti, ni kusema asante. Kunyamaza mbele ya uonevu ni kitu kingine kabisa, sijui hata kinaitwaje, lakini nilikuwa nakilisha watoto wangu kila siku pamoja na ugali.

Tukaingia. Chumba kilikuwa na meza ndefu, wakubwa wamejipanga upande mmoja, na mbele ya kila mmoja chupa ya maji ya dukani, baridi, inatoka jasho. Niliziona, Nasimiyu. Niliziona zile chupa na sikusema kitu.

Mwenyekiti wa kikao alimuuliza Wekesa, "Ni wewe uliyesambaza video hii?" Kaka yako akasema, "Ni mimi, na kila kilichomo ni cha..." Nikamkata. Nikasimama, nikasema, "Waheshimiwa, mtoto amekosa. Ni ujana. Mtusamehe." Pasta naye akadakia, akasema ni marafiki wabaya, kijana ana roho nzuri. Halafu nikainua kikapu juu ya ile meza yao na kusema, "Na hatukuja mikono mitupu." Diwani akaona mwanga, akawika.

Wawili watatu walicheka. Mwenyekiti hakucheka. Alivua miwani, akamgeukia mama aliyekuwa anaandika, akasema, "Andika kwamba mzazi amekubali kosa kwa niaba ya mwanafunzi." Kisha akanitazama, wala hakuonekana amekasirika. Akasema, "Mama, mtu asiye na kosa haleti kuku."

Akaendelea, "Andika pia kwamba kumekuwa na jaribio la kushawishi kikao." Hongo! Mimi, na jogoo wa Krismasi! Wekesa akainua mkono kama mtoto wa darasa la kwanza, akasema angeomba kuonyesha picha zake. Akajibiwa, "Kijana, mzazi wako ameshakusemea." Wakamaliza na methali, ati asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wakampa miaka miwili nje ya chuo.

Tulipokuwa tunatoka nikaenda kuchukua kikapu. Wakanizuia. Wakasema kibaki, ni ushahidi. Sasa niambie wewe uliyepita hesabu: hongo waliikataa, lakini mbona jogoo hakurudi Langas? Mpaka leo sijui ushahidi ule ulihifadhiwa kwenye sufuria ya nani.

Tulipofika hapa mlangoni, akiwa bado ameshika kitasa, akaniambia, "Hawakuwa na kitu, Mama. Wewe ndiye uliwapa." Akaingia chumbani. Miaka miwili ilipoisha, chuo kikataka aandike barua ya kukiri na kuomba radhi ndipo arudi darasani. Akakataa. Mimi nikamsihi aandike, baba yako akamsihi, pasta akaja akamsihi. Akasema hatakiri mara ya pili kosa ambalo hakulifanya hata mara moja. Leo kaka yako, aliyekuwa akipata alama za juu kuliko zako, usinune, anauza mabomba na koki kwenye duka la vifaa vya ujenzi huko mjini. Ni kazi ya heshima. Lakini haikuwa yake.

Nilikaa na hasira hiyo miaka mingi bila kujua niiweke wapi. Nilimkasirikia Wekesa kwa kiburi chake. Nikamkasirikia pasta, nikahama hata benchi kanisani. Nikajikasirikia mwenyewe, na hiyo bado sijamaliza. Lakini kadiri ninavyozeeka naona wazi zaidi wa kukasirikiwa ni nani. Watu wazima waliosoma, wanaolipwa na kodi yangu ninayotozwa nikinunua hata mafuta ya nywele, waliketi mbele ya maji ya chupa wakamhukumu mtoto kwa kuuliza maji. Na walipopata mama mjinga mwenye mapenzi, wakamtumia kumfunga mwanawe mdomo. Hapana, hiyo siwasamehei. Mungu ananisikia nikiandika hivi, na siku tukikutana nitamwambia vilevile.

Sasa, nilijuaje kwamba walitunyima haki yetu? Kuna wakili mdogo anayesuka kwangu, msichana wa rika la Wekesa, huja kila mwisho wa mwezi na nywele zake nyingi kama kondoo. Siku moja nilikuwa nimemmaliza upande wa kushoto, nikaweka kitana chini. Nikamwambia, "Mwanangu, upande huu wa kulia hausukwi leo mpaka unieleze jambo." Akacheka, akafikiri nataka mambo ya shamba. Nilipomhadithia ya Wekesa akaacha kucheka. Akageuka na nywele zake nusu nusu, akaniambia, "Mama Wekesa, kulikuwa na swali moja tu la kuulizwa pale. Video ni ya kweli au ni ya uongo? Na hilo hawakuliuliza."

Nilimsuka taratibu kuliko siku zote, na yeye akanifundisha. Nayaweka hapa kama nilivyoyaelewa.

Kifungu cha 33 cha Katiba kinasema kila mtu ana uhuru wa kusema, wa kutafuta habari, kuipokea na kuitoa. Kila mtu. Sikuona mahali palipoandikwa "isipokuwa wanafunzi". Nilimuuliza mara mbili, akanionyesha kwenye simu, nikasoma kwa macho yangu. Haki hiyo huiachi kwa askari wa geti ukiingia chuoni, kama mtu anavyoacha kitambulisho. Unaingia nayo darasani, unalala nayo hosteli. Unaweza kusema chakula ni kibovu. Unaweza kuandika kwamba karo imepanda bila kuulizwa. Unaweza kumpinga mhadhiri kwa hoja, unaweza kumpenda mwanasiasa ambaye mkuu wa chuo hampendi. Kifungu cha 37 kinakupa ruhusa ya kukusanyika, kuandamana na kupeleka malalamiko, mradi iwe kwa amani na bila silaha. Polisi wanaarifiwa mapema, kwa maandishi, na nakala mnabaki nayo. Chuo kina haki ya kuweka utaratibu, msipige ngoma nje ya chumba cha mtihani, msifunge barabara ya hospitali. Kupanga kelele ni sawa. Lakini kuchagua ni ukweli gani usemwe, hiyo kazi hawakupewa na mtu.

Na wakikuita, kuna Kifungu cha 47. Hapo nilimwomba arudie, kwa sababu ndipo tulipoangukia. Mtu akitaka kukuadhibu lazima akuambie kosa lako kwa maandishi, akupe muda wa kujitayarisha, akuonyeshe ushahidi alio nao, akusikilize wewe mwenyewe kwa mdomo wako mwenyewe, na akiamua akuandikie sababu. Unaweza kuomba uende na mtu wa kukusaidia. Unaweza kukata rufaa, na ukikwama huko mahakama zipo. Wekesa hakupata hata nusu ya hayo. Alipata methali. Kwa hivyo usiwahi kutia sahihi karatasi ya kukiri ati ndiyo mambo yaishe haraka. Hayaishi. Na ukikamatwa na polisi, Mungu apishe mbali, una haki ya kukaa kimya mpaka wakili aje. Hiyo ndiyo siku pekee nitakayokuambia unyamaze.

Usidhani nakutuma ukawe mtukanaji. Mimi nimeishi Langas. Nilikuwa hapa mwaka ule wa uchaguzi, watu walipoanza na maneno tu, kuwaita watu wa kabila jingine madoadoa, kucheka nayo sokoni, na baadaye nikakimbia nimekubeba mgongoni huku moshi ukitoka kwa majirani wa Kikuyu tuliokuwa tunakopeshana nao sukari. Sitasahau kwamba ilianza kwa mdomo. Katiba nayo haikusahau, kwa sababu Kifungu hicho hicho cha 33 kinakataza uchochezi wa vita na maneno ya kuchukia watu kwa kabila lao. Kinakutaka pia uheshimu jina la mwenzako, usimwite mtu mwizi kwa sababu umesikia tu. Mtu akianza utani wa makabila kwenye grupu yenu ya simu, usicheke ili uonekane mmoja wao. Ningependa usikie hilo kutoka kwangu kuliko kulisikia kwa moshi.

Na utakutana na watu watakaosema mambo utakayoyachukia, siyo ya kabila, mambo tu ya upumbavu. Nakujua, utataka kuwazomea mpaka washuke jukwaani. Usiwazomee. Wajibu. Katika saluni yangu anakaa mfuasi wa huyu na mfuasi wa yule, mlokole na mlevi, na wanagombana mpaka makasha yanaanguka, lakini sijawahi kumwambia mteja atoke kwa sababu ya maoni yake. Huwa nangoja aketi chini ya ile mashine ya kukaushia nywele, akiwa hawezi kukimbia, ndipo namjibu.

Ulizaliwa hospitali ya misheni pale Plateau, na ulitoka ukipiga kelele mpaka muuguzi akaingia mbio kutoka wodi nyingine, akidhani kuna mtu anauawa. Mimi nikaona aibu. Nikakuziba na kanga, nikakwambia, "Shhh, nyamaza, watu watasema nini." Hukuwa hata na saa moja duniani. Nikilikumbuka hilo nataka kujipiga kofi.

Sasa fomu. Yule wakili nilimpigia simu jana, baada ya wewe kutoka ukilia. Akaniambia hakuna fomu ya chuo inayoweza kuishinda Katiba, ila tusipoijaza kabisa watakusumbua mlangoni, na tukiijaza kama ilivyo wataitingisha mbele ya macho yako siku moja. Kwa hivyo nimeijaza. Iko kwenye bahasha yako ya kaki. Mahali pa mzazi nimeweka sahihi, na pembeni, kwa mwandiko wangu mbaya huu, nimeandika: "Binti yangu atafuata sheria zote za halali za chuo. Haki zake za Kifungu cha 33, 37 na 47 anabaki nazo." Karani wao akiuliza ni nani aliandika hapo, sema ni mama, na simu yake iko hapo chini, apige. Nitafurahi sana akipiga. Nimemwambia Wekesa mpige nakala ya hiyo fomu kabla ya kuwapa. Namba ya wakili nimeishonea ndani ya mfuko wa koti lako la kijivu, usije ukalifua bila kuangalia.

Wekesa alikuja leo baada ya kanisa, ulikuwa bafuni, akalifunga sanduku lako kwa kamba. Ndiye atakayekufikisha kesho, amejiombea ruhusa kazini mwenyewe. Nikamwambia nitakuandikia barua. Akauliza, "Utamwambia ya Diwani?" Nikasema ndiyo, yote. Akakaza kamba, nikadhani imeishia hapo. Halafu mabega yakaanza kumtingishika. Nikaogopa, nikafikiri analia. Alikuwa anacheka! Akasema, "Mama, aliwika wakati mzuri sana yule." Tulicheka mimi na yeye mpaka baba yako akaamka akiuliza kuna nini. Ilikuwa mara ya kwanza tumelitaja jambo hilo bila mmoja wetu kutoka nje. Akipita mlangoni akasema, "Mwambie akipiga video ashike simu vizuri. Yangu ilitingishika."

Nasikia sauti yako kwenye geti, unagombana na mtu wa boda juu ya nauli. Niandike haraka.

Siwezi kukuahidi kwamba ukisema ukweli hutaumia. Kaka yako aliumia. Ninaweza tu kukuambia mimi nitafanya nini. Ukikosa kweli, ukimtukana mtu kabila lake, ukimzulia mtu uongo, ukirusha jiwe, wakiniita nitakuja na kuku, tena wawili, nitapiga magoti mbele yao, na wewe utapiga magoti kando yangu. Lakini wakiniita kwa sababu ulisema maji hayapo, na maji kweli hayapo, nitakuja pia, mama. Nitavaa ile nguo ya kanisani. Nitavuta kiti niketi karibu nawe, nitanyamaza mpaka umalize kusema yote uliyopanga kusema, na wakinigeukia waniulize nimeleta nini, nitawaonyesha mikono yangu.

Mama yako